Filamu ya Al-Ard: kijiji kilichoweza kuungana kilishindwaje?

Mtazamaji wa Tanga:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Nimeitazama Al-Ard, filamu ya Misri iliyoongozwa na Youssef Chahine na kutolewa mwaka 1970, ambayo msingi wake ni riwaya ya Abdel Rahman al-Sharqawi. Tupo katika kijiji cha Delta ya mto Nile, miaka ya 1930. Wakulima wanapunguziwa siku za kumwagilia kutoka 10 hadi 5, na kabla hawajapumua, kabaila Mahmoud Bey anataka barabara ikatize mashamba yao ili afike kwenye jumba lake bila taabu.

Kuna onyesho moja linalonisumbua. Wanaume wanapigana kwa magongo wakigombea maji, na ugomvi umekwisha kupamba moto, mara ng'ombe anatumbukia kwenye kisima cha gurudumu la maji. Papo hapo magongo yanatupwa, na wale wale waliokuwa wakipasuana vichwa wanashikana mikono kumtoa. Watu wenye moyo wa namna hiyo, iliwezekanaje mwishowe wakashindwa?

Mwalimu Mstaafu:
Ndugu yangu, ng'ombe yule alionekana na kila mtu, na hasara yake haikuhitaji kuelezwa. Barabara ni jambo tofauti, kwa kuwa inachukua shamba la huyu na kuliacha la yule, na hapo ndipo Bey anapopata pa kuingilia. Mtazame Sheikh Hassouna, mtu msomi anayeheshimiwa, ambaye wanakijiji wanamsubiri awe kinywa chao. Anapohakikishiwa kwamba shamba lake litasalimika, anawaacha wenzake. Chahine hamchori kama mwovu, na kwa maoni yangu hilo ndilo linaloumiza zaidi, kwa sababu kila mtazamaji anaweza kumwelewa. Abu Swelam, mkulima anayeongoza upinzani wa kijiji, anapomkumbusha Hassouna siku za mapinduzi ya 1919, walipokuwa vijana na kusimama pamoja dhidi ya Waingereza, anamlilia rafiki waliyewahi kuhatarisha maisha pamoja naye.

Tusisahau pia Khadra, mwanamke asiye na kipande cha ardhi. Kijiji kinamdharau kwa sababu hiyo hiyo, kwa hiyo hata kabla ya Bey kuja tayari palikuwa na watu wasiohesabiwa katika huo umoja.

Msomaji wa Historia:
Ninakubaliana na Mwalimu, ila ningependa tusiwabebeshe wakulima lawama yote. Hadithi inatokea wakati wa utawala wa Ismail Sidqi, waziri mkuu wa mwaka 1930 hadi 1933, aliyeiondoa katiba ya 1923 na kuweka nyingine iliyompa mfalme nguvu zaidi. Bei ya pamba ilikuwa imeanguka kutokana na mdororo wa uchumi wa dunia, na mkulima mdogo hakuwa na akiba ya kumwezesha kungoja. Wanakijiji walifuata njia zote za halali: waliandika ombi, wakamtuma Mohammad Effendi, mwalimu wao, alipeleke mjini, na safari hiyo hiyo ikageuzwa kumnufaisha Bey. Mkuu wa kijiji alikuwa upande wa wakubwa, na walipokaidi waliletewa askari wa ngamia. Umoja wa kijiji kimoja ungeshindana vipi na serikali nzima? Mashamba makubwa yalianza kupunguzwa kwa sheria mwaka 1952 tu, baada ya mfalme kupinduliwa, kwa kuweka ukomo wa feddan 200 kwa mmiliki mmoja (feddan, kipimo cha ardhi cha Misri, ni karibu sawa na ekari moja).

Binti wa Moshi:
Shikamooni wazee wangu. Mimi sioni kama Abu Swelam ameshindwa kwa maana ile. Gerezani wanamnyoa masharubu ili wamvunjie heshima, na mwigizaji wake, Mahmoud el-Meliguy, aliyezoeleka kuigiza majambazi, anatuonyesha aibu hiyo kwa macho tu. Hata hivyo anarudi shambani. Siku ya mwisho, wakati wanakijiji wanahangaika kuchuma pamba kabla askari hawajawafikia, yeye hakubali kuondoka, mpaka anafungwa miguu na kuburutwa na farasi huku vidole vyake vikikwaruza udongo. Bey amepata barabara, lakini hakupata ridhaa ya mtu yule.

Anayependa mada hii aitafute pia filamu ya Haile Gerima kutoka Ethiopia, Mavuno ya Miaka 3000, ya mwaka 1976. Humo kabaila anauawa na mtu ambaye kijiji kizima kimemwita kichaa. Ningefurahi kusikia ni ipi kati ya hizi mbili mnaiona ya kweli zaidi kuhusu mkulima asiye na mtetezi.

Mtazamaji wa Tanga:
Marahaba, binti, na asanteni nyote. Hoja ya Mwalimu kuhusu Khadra sikuwa nimeifikiria kabisa. Nitaitazama ya Gerima kwanza, kisha nitarudi kujibu swali lako.