Watu wa Muheza (familia tu) 🌴

*JUMANNE*

Shangazi Mwanaidi 19:52
Asalaam aleykum wanafamilia. Zuhura anarudi kazini Jumatatu, zile siku 84 za likizo ya uzazi ndiyo zimeisha. Imran anabaki na nani? Nataka jibu usiku huu, sitaki emoji

Shangazi Mwanaidi 20:09
Nimeangalia, mmesoma watu kumi na saba

Baba Mdogo Hamza 20:10
Waleykum salaam dada. Mimi nimesoma ila bila miwani 😂

Shangazi Mwanaidi 20:10
Hamza usinianze

Zuhura 20:14
Shikamooni. Nimeona kituo cha kulelea watoto Kimara Korogwe, ukishuka mwendokasi unatembea kidogo tu. 150,000 kwa mwezi na wanapokea kuanzia miezi mitatu. Pazuri, kuta zimechorwa wanyama, bembea ipo

Shangazi Mwanaidi 20:15
Bembea ya nani? Mtoto shingo yenyewe bado anaitafuta

Baba Mdogo Hamza 20:15
Ya mama yake, akitoka kazini apumzike

Shangazi Mwanaidi 20:16
Ulienda siku gani na saa ngapi

Zuhura 20:18
Jumamosi saa nne asubuhi. Niliwapigia kwanza

Shangazi Mwanaidi 20:22
Haya sasa. Ukipiga simu wanadeki, wanawavalisha watoto soksi. Nenda siku ya kazi, saa saba na nusu mchana, usiseme unakuja. Saa hizo watoto wameshiba, walezi wamechoka, ndiyo utawaona walivyo. Kuta achana nazo, angalia makamasi. Nani anayafuta na anafuta na nini. Yule dada akiingia chumbani watoto wanamkimbilia au wanakaa kimya? Nenda chooni. Fungua ndoo ya maji, ina mfuniko? Jikoni mkaa uko wapi? Wakikuambia mama subiri hapo getini kwanza, geuza urudi nyumbani

Shangazi Mwanaidi 20:23
@Seif baba Imran upo?

Salma Nesi 20:31
Shikamoo shangazi, niko zamu naandika haraka. Zuhura uliza walezi wangapi kwa watoto wangapi, halafu usikubali jibu, hesabu mwenyewe. Mlezi mmoja na vichanga watatu anahangaika. Ukikuta mmoja na vichanga kumi ondoka hata kama ana roho ya malaika

Salma Nesi 20:34
Na uliza wanalalaje. Ukiona watoto wote, wa umri tofauti, wamelala fofofo saa sita mpaka saa tisa kama umeme umekatika, jiulize wamepewa nini. Nimeshapokea mtoto amelegea, mama analia anasema ametoka kituoni na usingizi hauishi. Ilikuwa dawa ya mafua. Wanawapa ili wapumzike WAO

Baba Mdogo Hamza 20:36
Duh

Mama Nasra 20:36
😳😳

Baba Mdogo Hamza 20:37
Sisi marehemu mama alitumia mgongo na kanga tu. Usingizi wa bure, wala hauna tarehe ya kuisha

Zuhura 20:39
Dada Salma na maziwa? Nataka niendelee kumnyonyesha mpaka miezi sita bila kumchanganyia kitu

Salma Nesi 20:47
Kamua. Nje ya friji ni masaa manne, na hayo ni ya chumba chenye ubaridi, kwa joto letu la Dar usiyategemee. Kwenye friji mpaka siku nne. Kwa hiyo swali lako kituoni: friji ipo, na umeme ukikatika mnafanyaje? Andika jina na muda kwenye kila kopo. Wamnyweshe kwa kikombe, achana na chupa, chupa kuisafisha ni kazi na watu wavivu. Halafu angalia kadi yake ya kliniki, wiki ya 14 ana chanjo, itaangukia ukiwa umesharudi kazini. Kituo kisichoomba hata kuiona kadi nitakishangaa

Baba Mdogo Hamza 20:49
Kwani Jumamosi mechi saa ngapi

Shangazi Mwanaidi 20:49
HAMZA

Seif (mkwe) 20:50
👍

Shangazi Mwanaidi 20:50
Dole gumba ndiyo malezi Seif?

Mama Farhan 20:58
Asalaam aleykum. Naomba nichangie. Haya mambo ya kumtupa mtoto wa miezi mitatu kwa watu msiowajua ya nini wakati damu yetu ipo? Yule binti wa kaka Ally kamaliza kidato cha nne yupo tu hapo Muheza. Aje amlee Imran, Zuhura atampa chochote mwisho wa mwezi, na baadaye atamfungulia hata genge

Shangazi Mwanaidi 21:01
Mmh

Tuma (Muheza) 21:04
Atamfungulia genge

Tuma (Muheza) 21:04
Kama Mwajuma alivyofunguliwa

Mama Farhan 21:06
Tuma mimi ni mkubwa wako. Mwajuma alikula kwangu, akalala kwangu, akaugua nikamtibu

Tuma (Muheza) 21:07
Shikamoo mama mkubwa. Farhan sasa yuko la tatu. Cherehani iko la ngapi?

Baba Mdogo Hamza 21:08
😂😂😂😂 jamani

Baba Mdogo Hamza 21:08
*Ujumbe huu umefutwa*

Mama Farhan 21:10
Biashara iliyumba mnajua wote. Na si nilimtumia vitambaa

Mama Nasra 21:11
Vitambaa bila cherehani 🙆🏾‍♀️

Shangazi Mwanaidi 21:12
Turudi kwenye mada. Ya Mwajuma tutakaa kikao

Tuma (Muheza) 21:12
Kikao cha Idd ile mlisema hivyo hivyo

Bibi Muheza 21:19
🎤 *Ujumbe wa sauti (1:06)*

Shangazi Mwanaidi 21:20
Niko kwenye daladala sisikii. Tuma andika alichosema mama

Tuma (Muheza) 21:27
Naandika kama alivyosema, msinilaumu. "Rukia mwanangu, yule mtoto nilimsindikiza mimi mpaka stendi, nimembebea kikapu kwa mkono wangu. Nikamwambia mama yake, lala usingizi, mwanao yuko kwa nduguze. Mama yake kafa na hiyo cherehani hajaiona. Mimi hapa simtoi tena mtoto wa mtu. Imran apelekwe kituo, na kiwe chenye watu wazima, siyo vitoto vinavyolea vitoto. Nimemaliza."

Mama Farhan *ameondoka*

Salma Nesi 22:05
Sasa?

Shangazi Mwanaidi *amemwongeza* Mama Farhan

Shangazi Mwanaidi 22:11
Rukia, hakuna anayekufukuza. Mama kasema, tumesikia. Tuendelee

Shangazi Mwanaidi 22:14
Zuhura, usajili. Ulikiona cheti au uliambiwa kipo

Zuhura 22:16
Walisema kinashughulikiwa

Shangazi Mwanaidi 22:20
Hapana hapana hapana. Kituo cha kulelea watoto mchana lazima kisajiliwe, na cheti kinabandikwa ukutani mtu akione. Kesho nenda ofisi ya kata muulize afisa ustawi wa jamii kama anakijua kituo hicho na kama alishawahi kukanyaga. Na kabla hujatoa hata shilingi wakwambie nani anaruhusiwa kumchukua mtoto. Siyo bodaboda anafika, anasema nimetumwa na mama, anakabidhiwa Imran kama chapati za kufungiwa

Baba Mdogo Hamza 22:21
Mimi niandikeni kwenye orodha ya wanaoruhusiwa

Shangazi Mwanaidi 22:21
Wewe wa kwanza kukatazwa

Mama Nasra 22:23
Na ukichelewa kumchukua? Kile cha Nasra kila nusu saa walikuwa wanatoza. Mvua ikinyesha unakwama njiani Jangwani, mshahara wote unaishia hapo

Zuhura 22:25
Ndiyo hofu yangu. Natoka saa kumi na moja, Posta mpaka Kimara jioni mnaijua

Shangazi Mwanaidi 22:27
Alhamisi saa saba na nusu tunaenda wote. Salma?

Salma Nesi 22:30
Alhamisi niko zamu ya mchana

Shangazi Mwanaidi 22:30
Mama Nasra?

Shangazi Mwanaidi 22:41
Mama Nasra nakuona uko hewani

Shangazi Mwanaidi 22:42
Basi mimi na Zuhura. Mwezi wa kwanza familia tumsaidie, kila nyumba 20,000, tumeni kwangu. Mimi nimeanza

Baba Mdogo Hamza 22:43
Dada umejitumia mwenyewe? 😂

Seif (mkwe) 22:48
Shikamooni wazee wangu. Samahani nilikuwa kazini. Mimi nilishalipa nusu jana

Zuhura 22:48
Umelipa wapi???

Seif (mkwe) 22:51
Kile cha Ubungo jirani na ofisini kwangu. Nilitaka kukwambia. Cheti nimekiona, ni mama mtu mzima na wenzake wawili, watoto tisa. Friji sijauliza

Zuhura 22:51
Seif

Shangazi Mwanaidi 22:52
Pokea simu Seif

Shangazi Mwanaidi 22:53
Seif pokea

*JUMATANO*

Bibi Muheza 05:48
🎤 *Ujumbe wa sauti (0:09)*

Tuma (Muheza) 06:15
Bibi anaomba namba mpya ya Mama Farhan

Kaka Idi 07:33
Asalaam aleykum, simu ilizima. Nimesoma nusu. Zuhura, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa mpaka saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi, za kumnyonyesha mtoto. Posta huwezi kwenda na kurudi, ila andika barua uombe uzikusanye jioni, utoke saa tisa. Wasikwambie ni hisani yao. Barua nitakusaidia

Zuhura 07:40
Kaka kweli?? Bosi hajawahi kuitaja. Nitumie leo tafadhali

Shangazi Mwanaidi 07:41
Asante Idi. Sasa Alhamisi tunaenda Kimara au Ubungo? Seif amezima simu. Na mpaka sasa waliotuma 20,000 ni wawili, mmoja ni mimi

Kaka Idi 07:58
20,000 ya nini?