Mrejesho: mutt sasa inaonyesha barua pepe nilivyotaka

Wakuu, nimerudi. Niliuliza jinsi ya kuizuia mutt, programu ya kusomea barua pepe kwenye terminal, isinimwagie vichwa vyote vya barua, mistari ya Received (njia iliyopitia barua) mpaka ujumbe wenyewe unapotelea chini, na jinsi ya kusoma barua za HTML bila vialama vyake.

Imekubali! Kwenye .muttrc, faili la mipangilio ya mutt, nimeweka `ignore *` (ficha vichwa vyote), halafu chini yake `unignore from date to subject` (onyesha hivi tu). Mwanzo niliigeuza mistari hiyo miwili, na ile nyota ikafuta orodha yote ya unignore. Nikitaka vichwa vyote nabonyeza h.

Kwa HTML, humo humo nimeweka `auto_view text/html`, kisha kwenye .mailcap, faili linalosema programu gani ifungue aina gani ya faili (hapa ni w3m, kivinjari cha maandishi):

`text/html; w3m -dump -T text/html %s; copiousoutput`

Hilo neno la mwisho, copiousoutput, msilisahau (bila hilo auto_view haifanyi kazi), ndilo lililonikesha. Asanteni sana, nasoma barua kwa raha.