Naomba ushauri: injini ya SUV yangu ya kifahari imenoki, waranti imeisha miezi mitano tu iliyopita

Baba_Wawili (mwanzisha uzi)

Wadau habari za saa hizi. Naombeni msaada wa mawazo maana wiki ya pili hii silali vizuri.

Nina SUV ya kifahari, dizeli, V6 ya lita 3, aina sitaji maana sitaki uzi ugeuke ugomvi wa kampuni. Nililichukua likiwa limeshatumika, kwa mkopo, bado nina marejesho ya miezi 14. Kilomita 118,000. Waranti imeisha miezi mitano iliyopita, yaani nikikumbuka hiyo miezi mitano naumwa kabisa.

Ilikuwa hivi, nilikuwa barabara kuu mwendo wa kawaida nikasikia mlio chini ya boneti kama mtu anagonga nondo kwa nyundo, nikikanyaga mafuta unakuja kwa kasi nikiachia unapungua. Kabla sijapata pa kuegesha taa nyekundu ya oili ikawaka, nguvu zikaisha, injini ikazima yenyewe. Nikajaribu kuwasha mara moja, stata ikagonga kidogo tu, injini imegoma kuzunguka.

Likavutwa mpaka gereji ninayofanyia sevisi miaka yote. Wakachomeka kompyuta, kesho yake napigiwa simu naambiwa injini imekufa, nibadilishe nzima na iwe mpya. Bei waliyonipa ni zaidi ya nusu ya hela ambayo hili gari lingeuzika likiwa zima. Na hawajafungua hata boliti moja! Nikawauliza imekufa na nini, jibu ni kwamba hizi injini ndivyo zilivyo.

Gari nimelitunza jamani. Sevisi kila kompyuta ya gari ikiniita naenda, inaniita kila baada ya kilomita 25,000 hivi, risiti zote ninazo. Halijawahi kuchemsha. Oili halijawahi kula, tena miezi ya karibuni kwenye skrini ilikuwa inasoma juu kabisa ya mstari, mara mbili ikaandika oili imezidi kiwango, nikapiga simu gereji wakasema haina shida endelea tu.

Sasa nifanyeje, niweke injini mpya, nitafute ya mtumba, nifanye overholi (kuifungua hii hii na kuitengeneza upya), au niliuze hivyo hivyo lilivyo? Natakiwa kuwajibu kabla ya Ijumaa, wasipopata jibu wanaanza kunitoza hela ya maegesho.

Kiti_cha_Mbele

Pole sana mkuu. La kwanza kabla hawajaja wataalamu, usisaini kitu chochote na usimruhusu mtu kujaribu kuliwasha tena, hata kwa kulisukuma. Injini iliyokamata ukiilazimisha inaweza ikatoboa bloku, yaani mwili wa injini, halafu hapo hata overholi inakuwa haipo tena.

Dada_Mizani

Kaka pole. Mimi si fundi ila kazi yangu ni mahesabu, na naona watu wengi wanakosea hapa. Usilinganishe bei ya injini na bei uliyonunulia gari, hiyo hela ilishaondoka. Mkopo nao utaulipa hivyo hivyo, gari likitembea au lisitembee. Tafuta namba mbili tu, gari likiwa zima leo linauzika shilingi ngapi, na likiwa hivi lilivyokufa kuna mtu anatoa ngapi. Tofauti ya hizo mbili ndiyo dari yako. Matengenezo yote yakiwa chini ya hapo na yakabaki na nafasi ya dharura basi tengeneza, yakizidi achana nalo. Hiyo nafasi ya dharura usiidharau, kwenye injini iliyofunguliwa lazima kitu kingine kitaonekana.

Halafu omba bei kwa maandishi, vitu vikitajwa kimoja kimoja, injini peke yake, gasketi na boliti peke yake, kazi peke yake. Bei ya jumla ya kwenye simu haikusaidii chochote.

Kapteni_Mstaafu

Uza. Mimi nilishapitia, gari la kifahari likishatoka waranti linakula hela kama halina mwisho. Leo injini, mwakani giaboksi, baada ya hapo mifuko ya upepo ya sasapensheni. Chukua hasara moja ukapumzike.

Fundi_Dizeli

Baba Wawili nimesoma maelezo yako mara tatu, kuna sentensi moja umeipita haraka na ndiyo inayonisumbua. Umesema oili ilikuwa inasoma juu na gari likaandika imezidi kiwango. Injini haitengenezi oili ndugu yangu. Oili ikiongezeka yenyewe ujue kuna kitu kinaingia humo, na ni maji au dizeli. Umesema halijawahi kuchemsha, kwa hiyo mimi naiangalia dizeli kwanza.

Naomba unijibu kitu kimoja, safari zako za kila siku ni za umbali gani?

Baba_Wawili

Fundi asante. Zamani nilikuwa natembea kama kilomita 60 kwa siku. Mwaka jana nikahamia ofisi ya karibu, sasa ni kilomita 4 kwenda na 4 kurudi, katikati napeleka watoto shule. Barabara kuu labda mara moja kwa mwezi.

Fundi_Dizeli

Basi nisikilize vizuri. Dizeli za kisasa zina filta ya masizi kwenye ekzosi, ile DPF. Ikijaa masizi kompyuta inaamua kuyachoma, na ili iyachome inabidi joto humo lipande mpaka karibu nyuzi 600. Inalipandishaje? Kwenye injini nyingi inanyunyiza dizeli ya ziada ndani ya silinda kwa kuchelewa, pistoni ikiwa inashuka, ili iende kuungulia kwenye ekzosi. Zoezi lote linataka kama dakika 10 mpaka 20 za mwendo wa kueleweka. Wewe unafika ofisini baada ya dakika nane unazima. Kesho linaanza upya, unazima tena. Ile dizeli isiyoungua inashuka kwenye kuta za silinda, inapita kwenye ringi za pistoni, inaishia kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Mwezi baada ya mwezi oili inaongezeka na huku inakuwa nyepesi.

Oili ikiwa nyepesi beringi za konrodi (mikono inayoshika pistoni) na krenki (shafti kuu inayozungushwa na hiyo mikono) ndizo zinaumia kwanza, maana pale chuma hakitakiwi kugusa chuma, kinaelea juu ya utando wa oili mwembamba kuliko unywele. Utando ukikatika ndiyo ule mlio wa nondo uliousikia. Sasa weka hapo sevisi ya kila kilomita 25,000, hiyo oili imekaa humo muda mrefu mno.

Sijaliona gari kwa hiyo siapi. Injekta (kinachonyunyiza dizeli kwenye silinda) inayovuja nayo inaleta hali ile ile, pampu ya dizeli yenye sili mbovu pia. Ndiyo maana nasema usilipie injini yoyote, mpya wala ya mtumba, kabla hujajua hii imeuawa na nini, kwa sababu itakayowekwa itakutana na muuaji yule yule. Waambie wafanye mambo mawili tu na uwepo pale ukiangalia kwa macho yako. Wamwage oili kwenye chombo kisafi na waipime ni lita ngapi, na wakate filta ya oili wafungue ile karatasi yake. Ni kazi ya saa moja. Oili weka kidogo kwenye chupa safi ufunge, maabara zipo zinapima dizeli iliyomo na aina za chuma. Wakikataa, lipia diagnozi uliondoe gari lako hapo.

Mzee_wa_Kilomita

Namuunga mkono Fundi kwa sababu yamenikuta. Yangu ilinoki nikaweka injini ya mtumba, ilikuwa nzuri kweli, kompresheni silinda zote zimekaribiana, nikafurahi. Miezi minne baadaye ikaanza kugonga ile ile. Kuja kufungua, gereji waliyoifunga walirudisha kula ya oili ya zamani (oil cooler, kile kifaa cha kupoza oili), haikubadilishwa, na ndani ilikuwa imejaa vumbi la chuma la injini ya kwanza. Ile kula ina vijia vyembamba sana, ukiosha kwa nje hutoi kitu. Nililipa mara mbili ndugu zangu, na ya pili nilikopa.

Kwa hiyo ukienda njia ya mtumba, kula ya oili mpya, mabomba ya oili yaoshwe au yabadilishwe, na turbo ifunguliwe iangaliwe maana nayo inakunywa oili hiyo hiyo na shafti yake inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, punje ndogo tu inaimaliza. Halafu hakikisha namba ya aina ya injini inafanana na yako, usikubali maneno ya "zinaingiliana".

Dada_Mizani

Hapo Mzee umenifanya niongeze. Kaka, kwenye ile dari yangu weka na kula, turbo na injekta. Bei ya "injini" siyo bei ya kazi.

Kiti_cha_Mbele

Mkuu waranti kuisha hakukuzuii kuandika barua. Kampuni zinazotengeneza magari huwa zina utaratibu wa kuchangia gharama kwa hiari, hasa waranti ikiwa imepita kidogo na sevisi zote zina ushahidi. Si haki yako kisheria ni ombi, wanaweza kukataa. Ila andika kwa adabu, ambatanisha risiti zote, na ile taarifa ya oili kuzidi kiwango pamoja na simu uliyopiga gereji iandike na tarehe. Na muhimu, andika KABLA gari halijafunguliwa zaidi ya sampu, wasije wakasema ushahidi umeharibiwa. Bima kubwa ya kawaida usiitegemee sana, nyingi hazilipi injini iliyokufa yenyewe bila ajali, lakini soma mkataba wako.

Baba_Wawili

Wakuu nimerudi. Nimeenda leo asubuhi, walikataa kidogo mwanzoni, nikasimama pale pale mpaka wakakubali.

Kitabu cha gari kinasema oili ni lita 6 na nusu. Zimetoka karibu lita 8. Haikuwa inatiririka kama oili, ilikuwa inadondoka kama maji meusi, na harufu ya dizeli ilijaa banda zima, hata kijana aliyekuwa anamwaga akageuza uso. Filta wakaikata kwa msumeno, nikashika ile karatasi mwenyewe nikaifungua kunjo moja moja. Humo kwenye mikunjo kuna vipande vidogo vinang'aa, vingine vya kijivu vingine rangi ya shaba kabisa. Nilipaka kwenye kidole kikabaki kinametameta. Nimepiga picha zote, chupa ya oili ninayo nyumbani imefungwa.

Kwa kweli nilitoka pale nikakaa kwenye ngazi kwanza. Ule ujumbe niliuona mara mbili, na nilipiga simu kuuliza.

Fundi_Dizeli

Ndugu yangu usijibebeshe, ulifanya alichotakiwa kufanya mwenye gari, uliuliza. Aliyekujibu endelea tu ndiye alitakiwa akuite siku ile ile umwage oili.

Hiyo rangi ya shaba inaniambia beringi zimelika mpaka tabaka la pili. Juu kuna ngozi laini, chini yake shaba, chini yake chuma. Sampu wakishaitoa wafungue na kofia za konrodi. Shingo ya krenki, pale konrodi inapoishika, ikiwa imekuwa ya bluu, joto limeshaibadilisha, hiyo krenki usiitegemee, na krenki nyingi za hizi V6 shingo zake zimekomazwa kwa juu tu, ukizichonga unatoa ule ugumu. Ila ikiwa bloku, silinda na hedi ni nzima, una njia ambayo hawakukutajia, kubadilisha nusu ya chini tu, krenki, konrodi zilizoumia, beringi zote, pampu ya oili, na boliti mpya maana zile zinavutwa mara moja hazirudiwi. Taimingi cheni nayo weka humo humo, hasa kama kwako iko upande wa giaboksi, injini ikiwa nje ni kazi ndogo, ikiwa ndani ni balaa.

Injekta zote sita zipelekwe kupimwa kabla ya kurudishwa, na zikirudi namba zake ziingizwe kwenye kompyuta ya gari.

Kapteni_Mstaafu

Mimi nilisema uza, lakini kama bloku ni nzima narudisha kauli. Nilidhani injini yote imeondoka.

Baba_Wawili

Taarifa ya mwisho kwa leo. Nimelihamisha gari, liko kwa fundi mwingine anayefanya dizeli tu. Barua nilituma kwanza na wakanijibu wanamtuma mtu wao aje aangalie, hivyo tukasubiri. Alipofika ndiyo kofia zikafunguliwa mbele yake. Ni konrodi ya namba 4, beringi zake zimepandana moja juu ya nyingine, shingo ya krenki ni ya bluu kama Fundi alivyosema. Silinda ziko safi, alama za honi (mikwaruzo ya kiwandani inayoshika oili) bado zinaonekana. Turbo shafti inacheza, imekwenda. Zile beringi nimeziweka kwenye mfuko na tarehe. Kuchangia bado hawajasema ndiyo wala hapana.

Nimepiga hesabu ya Dada Mizani, nusu ya chini pamoja na turbo, kula, cheni na kupima injekta, iko chini ya dari na inabaki nafasi. Tunatengeneza.

Fundi swali la mwisho, likirudi nalitunzaje, maana kazi ni ile ile na shule ni ile ile.

Fundi_Dizeli

Oili kila kilomita 7,500 au miezi sita, ikitangulia yoyote, usisubiri skrini, na iwe ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu. Kilomita 1,000 za mwanzo usilikimbize na usivute mzigo, zikifika mwaga hiyo oili ya kwanza. Kila wiki litoe barabara ndefu nusu saa bila kusimama simama. Ukifika nyumbani ukaona silensa (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) imepanda kidogo kuliko kawaida au feni inaunguruma wakati hakuna joto, ujue linachoma masizi, usizime, zunguka nalo tena dakika 15. Kiwango cha oili kiangalie kila Jumapili, kikipanda hata kidogo mwaga.

Na marejesho yakiisha fikiria kubadili uchukue la petroli. Kwa hizo kilomita 4 dizeli hii utaihangaikia kila wiki.

Baba_Wawili

Nimeiandika yote kwenye karatasi nitaibandika ndani ya gari. Mungu awabariki wote. Majibu ya barua yakija nitayaweka hapa hapa.