Tahadhari ya kuacha leni hunyamaza usiku wa mvua: je, ni ubovu?

Swali
Ndugu wanajukwaa, naombeni ufafanuzi. Gari ninaloendesha lina mfumo wa kumtahadharisha dereva anapoanza kutoka kwenye leni yake. Mchana usukani hutetemeka kila ninapokanyaga mstari, hata ninapohama kwa makusudi, lakini usiku wa mvua, wakati ninaouhitaji zaidi, hauonyi kabisa. Je, kamera imeharibika? Na kwa kuwa umeanza kunikera, niuzime?

Jibu la kwanza
Pole, ndugu. Kwa maelezo yako sioni dalili ya ubovu. Kamera iliyobandikwa juu ya kioo cha mbele, kwa ndani, haijui barabara inakoelekea. Inachotafuta ni tofauti kati ya weupe wa mstari na weusi wa lami. Maji yakitanda barabarani, na taa za magari yanayokuja zikimetameta juu yake, tofauti hiyo hupotea, na kamera isiyoona mstari haina la kukuonya. Mistari iliyofifia huleta shida hiyohiyo hata jua likiwaka. Magari mengi huwa na alama ndogo kwenye dashibodi inayoonyesha kama mistari imeonekana. Tafadhali zoea kuitazama, kwa maana ukimya wa mfumo si ushahidi kwamba uko katikati ya leni.

Kuhusu kuhama kwa makusudi, je, huwa unawasha indiketa? Mfumo huitegemea indiketa kutambua kwamba umekusudia kuhama.

Jibu la pili
Ningependa kujua pia kama kioo cha mbele kimewahi kubadilishwa. Changu kilipasuliwa na jiwe, fundi akaweka kipya bila kuilenga kamera upya, na tangu hapo nikawa naonywa nikiwa katikati kabisa ya leni. Kamera ikipinda kidogo tu pale kiooni, kosa hilo hukua kadiri inavyotazama mbali.

Jibu la tatu
Nakusihi usiuzime. Mwaka 2017 IIHS, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama barabarani inayogharamiwa na kampuni za bima, ilieleza kwamba, katika ajali za aina ambayo mfumo huu umekusudiwa kuzizuia, yaani za gari kuacha njia peke yake, kukwaruzana ubavuni au kugongana uso kwa uso, magari yenye tahadhari hii yalikuwa na ajali pungufu kwa asilimia 11, na zile zenye majeruhi zilipungua kwa asilimia 21. Dereva akisinzia kwa sekunde mbili tu katika mwendo wa kilomita 100 kwa saa, gari limekwisha kwenda zaidi ya mita 55 bila mwangalizi. Kama mtetemo unakukera, angalia kwenye mipangilio, kwa kuwa magari mengi hukuruhusu kuupunguza.

Muulizaji
Nawashukuru sana. Kweli, barabara ikiwa tupu huwa siwashi indiketa, na nitairekebisha tabia hiyo. Kioo kilibadilishwa kabla sijalinunua gari, kwa hiyo nitalipeleka kamera ikapimwe.