Enkoda kwenye skrubu ya mashine: kapulingi, mkanda au enkoda ya shimo?

Mkerezaji
Wakuu, naomba mawazo. Ni mashine ya kufraizi (kukata chuma kwa kisu kinachozunguka). Skrubu inasogeza meza mm 5 kwa mzunguko mmoja, na enkoda (kifaa kinachopima mzunguko wa shafti) ni ya mistari 1000. Upande wa mota beringi zimebanwa. Upande wa pili shafti imeachiwa iteleze kidogo, na ndiko kwenye nafasi. Niunganishe kwa kapulingi (kiungo cha shafti mbili), kwa mkanda wenye meno, au nitafute enkoda ya shimo inayovaliwa kwenye shafti?

Bati Jembamba
Kapulingi, mkuu, lakini chagua kwa makini. Ile ngumu isiyopinda kabisa achana nayo: beringi za enkoda ni ndogo, na shafti mbili zikipishana hata kidogo, mzigo wote unaziangukia hizo. Yenye mpira katikati nayo siipendi kwa kazi hii. Ukigeuza mwelekeo, mpira unaminyika kwanza, ndipo enkoda ifuate. Chukua ya mvukuto, ile ya bati lenye mikunjo. Inakubali shafti zisizonyooka sawasawa, ila kwenye kuzunguka haina mchezo, yaani ulegevu. Tena iwe ya kubana kwa kukumbatia shafti. Skrubu ndogo inayochoma shafti kutoka ubavuni huisukuma kapulingi nje ya katikati na kuacha kovu, na ukitaka kuifungua baadaye utahangaika.

Fundi wa Geji
Mimi naitetea ya shimo. Haina kapulingi, na haichukui nafasi ndefu. Sharti moja: mwili wake usiufunge kwa bolti moja kwa moja kwenye fremu. Ushikwe na kipande cha bati la springi kinachouzuia kuzunguka huku kikiuacha ucheze na shafti.

Kabla ya hapo weka dayali geji (kipimo cha mshale kinachoonyesha mwendo mdogo) kwenye ncha ya shafti. Tuseme inasoma 0.1 mm kwa mzunguko mzima, yaani shafti iko nje ya katikati kwa 0.05. Mwili utayumba nayo. Kama bati linashika mm 40 kutoka katikati, enkoda inadanganywa kama mikroni 1 (sehemu moja ya elfu ya mm) mbele na 1 nyuma katika kila mzunguko. Ukishika mbali zaidi, kosa linapungua.

Meno Mengi
Mkanda ni wa pale ambapo nafasi imegoma kabisa. Puli zote ziwe na meno sawa, la sivyo alama ya sifuri, ile enkoda inayoitoa mara moja kwa kila mzunguko wake, haitaangukia mahali pamoja kwa kila mzunguko wa skrubu. Na mkanda usivutwe kupita kiasi.

Mikroni
Jamani, mnabishania ncha ya skrubu wakati kinachokata ni meza. Mistari 1000 ikihesabiwa mara nne ni hesabu 4000 kwa mzunguko, yaani mikroni 1.25 kila moja. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini nati inayosukuma meza kwenye skrubu ikiwa na mchezo wa mikroni 50, enkoda haiuoni hata chembe. Joto nalo: chuma hurefuka takriban mikroni 12 kwa mita kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Skrubu ya mita moja joto lake likipanda kwa nyuzi 5, imerefuka karibu mikroni 60 na enkoda imenyamaza. Kama unataka kujua meza iko wapi hasa, funga skeli iliyonyooka (kipimo kinachosoma mwendo wa meza moja kwa moja) kwenye meza yenyewe.

Mkerezaji
Skeli nimeielewa, ila vipande vya chuma kilichokatwa na maji ya kupozea vinamwagika pale pale ambapo ingekaa. Sasa kama skrubu inarefuka, ncha hii iliyoachiwa si itasukuma enkoda?

Bati Jembamba
Itasukuma, ila mikroni 60 kwa mvukuto ni kitu kidogo. Wakati wa kufunga, iache katika urefu wake wa kawaida, isiwe imeminywa wala kuvutwa.

Fundi wa Geji
Ukimaliza, weka geji kwenye meza. Sogeza meza kuelekea upande mmoja hadi enkoda isome namba fulani, soma geji, ipitilize, kisha urudi nyuma mpaka enkoda isome namba ile ile. Tofauti utakayoiona kwenye geji ni ya nati na beringi, pamoja na kapulingi kama imelegea. Kaza kapulingi kwanza, rudia, ndipo uguse nati.