Wakuu naomba ushauri: mwanangu wa miaka 7 na Pokémon, nimzuie au nimwache?

Mama Shadya (mtoa mada)
Habari za jioni wakuu. Nina kijana wangu wa miaka 7, yuko darasa la kwanza. Tangu likizo ya Juni kwenye Pokémon, ile katuni ya Kijapani, hasikii wala haambiwi. Kaka yake alimjazia flashi kwa yule kijana anayeuza muvi, vipande zaidi ya 50, ikawa ndiyo asubuhi, ndiyo mchana. Analala na kopo la siagi alilolipaka rangi nyekundu juu na nyeupe chini, anasema Pikachu, yule kiumbe wa njano mwenye umeme, anaishi humo.

Mama mkwe anataka nimkataze kabisa. Baba yake yuko safarini, ananiachia mimi. Nyie mliolea, mnaonaje? Naomba mnijibu mapema, natakiwa kuamua kabla ya Jumamosi.

Kinyozi wa Temeke
Dada umenigusa pabaya. Kwanza mwambie dogo Pikachu haishi kwenye ule mpira wa kuwafungia! Tangu kipande cha kwanza aligoma kuingia, ndiyo maana anakaa begani kwa Ash, yule dogo mwenye naye. Mwache mtoto aangalie. Mimi nilianzia dirishani kwa jirani, tuko saba tunasukumana, mwenye nyumba akikasirika anafunga pazia, tunabaki kusikiliza sauti. Ash alianza 1997 ana miaka 10, amekuja kuwa bingwa wa dunia Novemba 2022 bado ana miaka 10. Hapo katikati mimi nimeoa, nimefungua saluni, nimeota mvi. Siku ile anamshinda Leon, bingwa aliyekuwepo, nilifunga mlango, nikaangalia na wateja wawili, machozi yakanitoka.

Mtumishi Asubuhi
Dada yangu, jina lenyewe maana yake ni majitu ya mfukoni. Kiumbe unakifungia kwenye mpira, unakitoa kikupiganie, hayo tunayaitaje huku kwetu? Nyumba ina mlango, na mlango ni macho ya mtoto. Zima.

Mjukuu wa Fundi
Mtumishi, majini hapo hayapo. Pokémon ilianza kama gemu, na aliyeibuni, Satoshi Tajiri, utotoni alikuwa mkusanya wadudu. Gemu ikatoka Februari 1996 kwa ajili ya Game Boy, kile kifaa cha gemu cha mkononi, katuni ikafuata Aprili 1997. Hata Ash kwa Kijapani anaitwa Satoshi, jina lake yeye. Sisi si tulikuwa tunafunga panzi uzi na kuwatia kwenye kiberiti? Ni mambo yale yale.

Nesi wa Zamu
Mama Shadya, kwa nini Jumamosi? Mtoto kupenda katuni hakuna siku ya mwisho. Kuna kitu hujatuambia.

Mama Shadya
Haya, niseme. Ameanguka mara mbili.

Mara ya kwanza ilikuwa usiku, umeme ndiyo kwanza umerudi, taa ya sebuleni sijaiwasha. Yuko kwenye mkeka, pua inakaribia kugusa skrini, wanapigana, radi juu ya radi. Mimi nakunja nguo. Nikasikia kopo linabiringika sakafuni. Kugeuka, kakakamaa, macho yamepanda juu, mkono wa kushoto unapigapiga mkeka. Kama dakika moja hivi. Alipozinduka hakunijua, akaniita kwa jina la shangazi yake.

Zahanati walimpima malaria, hana, wakanipa dawa ya maumivu tukarudi nyumbani. Wiki iliyopita ikatokea tena, mbele ya TV ile ile. Mama mkwe anasema ni kile kikatuni kimemwingia. Kuna mzee Handeni, tiketi za Jumamosi nimeshakata. Msinihukumu. Mzee huyo alimtibu mtoto wa wifi yangu, nimemwona kwa macho yangu amepona.

Mchunguzi Huru
Wakuu tusipoteze muda, huu uzi ni wa kutunga. Hadithi hii ni ya Japani, tarehe 16 Desemba 1997, kipande cha 38. Pikachu alipiga makombora kwa umeme, rangi nyekundu na buluu zikapishana kama mara 12 kwa sekunde, watoto zaidi ya 600 wakakimbizwa hospitali. Katuni ikasimama miezi minne. Porygon, kiumbe mwingine wa kipande kile, kabebeshwa lawama mpaka leo, wakati aliyepiga umeme ni Pikachu. Kipande kile hakikurushwa tena. Huyu wa kwetu kakipata kwenye flashi gani? Mtu kasoma, kaongeza mkeka na mama mkwe.

Kinyozi wa Temeke
Duh. Na mimi nimeshalia humu.

Mama Shadya
Kaka, mimi kipande 38 sikijui na sijakitaja. Mtoto amelala hapa miguuni kwangu, natunga ili nipate nini?

Nesi wa Zamu
Mchunguzi, ya 1997 ni kweli, ila haimfanyi mama awe mwongo. Kosa lile lilikuwa kwenye mmuliko, siyo kwenye hadithi. Kuna watu ubongo wao haustahimili mwanga unaowaka na kuzima haraka: gemu, taa za disko, hata jua linalokatakata kati ya miti ukiwa dirishani mwa basi. Na basi la Handeni ni hilo hilo, mama. Tangu pale Wajapani huandika mwanzoni mwa katuni: washa taa, kaa mbali na skrini. Mwanao alikuwa gizani na pua imegusa kioo.

Akianguka tena mlaze kwa ubavu, usimtie kijiko mdomoni, angalia saa. Ikipita dakika 5, hospitali hapo hapo. Sisemi ni kifafa, sijampima. Nenda kliniki ya watoto hospitali ya mkoa, uliza kipimo cha umeme wa ubongo. Kifafa kina dawa.

Mama Korogwe
Mimi nilimzungusha binti yangu kwa wazee miaka miwili. Akaangukia jiko la mkaa. Ana kovu kutoka kiwiko hadi kiganjani, kila akivaa sketi ya shule anavuta mkono wa sweta lifunike. Sasa anameza dawa, hajaanguka mwaka wa tatu. Sina la zaidi.

Mama Shadya
Pole dada. Lakini nauli hairudi, na mama mkwe ameshawaaga watu. Nikigeuka nitaonekana nimemdharau, na mume hayupo wa kunisemea. Nilifikiri twende kwanza Handeni, hospitali baadaye.

Mchunguzi Huru
Tupe ushahidi basi.

Mama Shadya
Kaka yake aliirekodi ile ya pili, kama sekunde 20. Mama mkwe ameniambia niifute, kuiweka ni kuita nuksi.

Mchunguzi Huru
Iweke hapa tuone.

Nesi wa Zamu
Usiiweke hapa, huyo ni mtoto. Na usiifute. Daktari hakuwepo alipoanguka, hiyo video ndiyo atakayoiomba kwanza. Iko kwenye simu ya nani?

Mama Shadya
Ya kaka yake. Naihamishia kwangu sasa hivi.