Mzee akilazwa, dada wa kazi ndiye akeshe wodini?

Mama wa Nyakato: Hebu tulijadili hili bila kuoneana haya. Watoto wako Dar, mzee yuko Mwanza na binti wa kazi aliyetoka Ngara au Kigoma, au ng'ambo ya mpaka, Burundi. Mzee akilazwa, iwe hospitali ya Bugando au Sekou Toure, binti huyohuyo anafungashiwa khanga na chupa ya chai, akakeshe wiki mbili. Wodi zetu zinategemea ndugu kulisha, kuosha na kugeuza mgonjwa. Dada ni ndugu?

Ngosha wa Igoma: Si ndugu, ila ndiye anayemjua mzee. Daktari akiuliza "siku zote huwa anaongea hivi?", mtoto wa Dar atajibu nini? Mzee wa miaka 80 akilazwa anaweza kuchanganyikiwa ghafla, hasa giza likiingia. Sura anayoijua na miwani yake humtuliza. Tena tusikuze mambo, kazi yenyewe ni kukaa pale na kunywesha uji tu.

Nesi Pansiansi: Hiyo "tu" yako Ngosha imenichoma. Kwa mgonjwa wa kiharusi mwenye mpira wa puani wa kulishia, unaoshuka hadi tumboni, uji huo unaweza kumuua. Anainuliwa kifua nyuzi 30 hadi 45 kabla ya chochote. Unaangalia alama ya mpira pale tundu la pua. Ikiwa imesogea, usimimine hata tone, ita nesi. Uji uliochujwa, mililita 200 hadi 300, ushuke wenyewe kwenye bomba la sindano bila kusukumwa. Halafu maji mililita 30 kuosha mpira, na abaki ameinuka angalau nusu saa. Ukimlaza mapema, uji unapanda na kuingia mapafuni. Hapo ni nimonia.

Mkerewe: Nesi umesema kweli, lakini wanaoziba mipira ni wale wanaoleta uji wa dagaa. Dagaa walioanikwa chini ufukweni wana mchanga! Hata wasagwe vipi, mchanga unabaki.

Wakili Kirumba: Mnapika uji, binti hajalala. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa 45 kwa wiki, na kila wiki saa 24 mfululizo za mapumziko. Saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu. Siku tatu za kukaa wodini usiku na mchana zimeshapita hesabu hiyo.

Mkerewe: Wakili, sheria haigeuzi mgonjwa. Bibi asipogeuzwa, anaota vidonda kiunoni na visiginoni.

Wakili Kirumba: Nani kasema asigeuzwe? Kila baada ya saa mbili, kwa hiyo mara sita usiku mmoja. Mtu mmoja akifanya hivyo siku tano, siku ya sita anasinzia na mpira unachomoka. Ninamtetea bibi pia! Na fomu ya ridhaa je? Nyonga imevunjika, mzee hajitambui, daktari anataka saini saa nane za usiku. Binti wa kazi hana mamlaka ya kusaini, na simu ya Dar imezimwa.

Ngosha wa Igoma: Ile "tu" naifuta, Nesi, nisamehe. Ila dada asiondolewe kabisa. Ashike mchana, ndugu ashike usiku, na namba ya ndugu wa kusaini iandikwe kwenye faili siku ileile ya kulazwa.

Mama wa Nyakato: Ndugu yupi? Ndilo swali langu, na hakuna aliyelijibu.

Shemeji wa Kisesa: Samahani, nirudi kwenye dagaa. Walioanikwa juu ya chanja, si chini mchangani, wanafaa?

Nesi Pansiansi: Wanafaa. Toa vichwa, osha maji mawili matatu, kaanga bila mafuta mpaka wakauke, saga laini kabisa. Uji ukishaiva, chuja mara mbili kwa chujio la chai. Dawa usichanganye humo: kila kidonge kisagwe peke yake, na maji kidogo kati ya kimoja na kingine. Vile vya kuachia dawa taratibu havisagwi kamwe, mwambie daktari abadilishe.

Shemeji wa Kisesa: Na mchuzi wa sato?

Nesi Pansiansi: Mchuzi mtupu, umechujwa, usiwe wa moto. Mwiba mmoja tu unatosha kuziba mpira.